Ofa imebadilika na nimepewa siku tano: nitie sahihi?

Hujambo Sista,

Nakuita Sista kwa sababu uliwahi kuandika hapa kwamba kabla ya kushika kalamu ulikuwa muuguzi, na jambo langu litaeleweka zaidi kwa mtu aliyewahi kushika zamu ya usiku. Naomba usitaje jina langu wala la hospitali ninakofanya kazi.

Nina umri wa miaka 34. Nilisomea diploma ya uuguzi KMTC, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika hospitali moja ya kaunti hapa Nairobi, wadi ya wanaume. Nimeajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni. Mume wangu anauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Tuna watoto wawili, mvulana wa miaka saba mwenye pumu na msichana wa miaka mitatu, na tunaishi Umoja.

Safari hii ya kwenda Marekani niliianza 2021. Nilikuwa nikitoka zamu asubuhi, nalala kwa muda wa saa tatu, kisha naamka kusoma. Nilifanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, nikafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, nikaanguka, nikarudia nikapita. Gharama zote hizo, pamoja na kuthibitishiwa vyeti, nilizilipa kwa mkopo wa Sacco wa Sh380,000, na bado ninakatwa kila mwezi. Mwaka wa 2022 ajenti mmoja hapa jijini akaniunganisha na kampuni ya Marekani inayoajiri wauguzi. Nikatia sahihi mkataba wa kazi katika hospitali moja ya Ohio, wadi kama yangu, saa 40 kwa wiki, dola 34 kwa saa. Kampuni ikaniombea viza ya EB-3, ile ya kuhamia Marekani kwa ajili ya kazi, Februari 2023, na ombi likakubaliwa mwaka uo huo. Tangu hapo nimekuwa nikingoja foleni ya viza kama watu wa ploti wanavyongoja maji ya mfereji.

Juma lililopita ajenti akanipigia simu niende ofisini kwake haraka. Akaniambia zamu yangu ya mahojiano ubalozini imekaribia, ila ile hospitali ya Ohio haihitaji tena watu. Badala yake kampuni inanipa kazi "bora zaidi" ya muuguzi msafiri. Nitakuwa mwajiriwa wa kampuni, nao watanipeleka hospitali yoyote yenye upungufu, wiki 13 hapa, wiki 13 kwingine, jimbo lolote. Malipo ni dola 2,100 kwa wiki: dola 26 kwa saa kwa saa 36, yaani 936, na 1,164 zinazobaki ni posho ya nyumba na chakula isiyokatwa ushuru. Akachukua kalamu akazidisha mbele yangu: 2,100 mara wiki 52, mara shilingi 129. Ikatoka zaidi ya milioni 14 kwa mwaka. Sista, mimi baada ya makato sifikishi Sh60,000 kwa mwezi. Ile karatasi nilikuja nayo nyumbani nikaibandika kwenye friji.

Mkataba wenyewe una kurasa 22. Nimeusoma na kuna mambo yananikera. Natakiwa nitumikie saa 5,200, ambazo ajenti anasema ni miaka miwili na nusu. Nikiondoka kabla ya kuzimaliza, nalipa dola 18,000. Wanataka pia wadhamini wawili wa hapa Kenya. Ndugu yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu Machakos, amekubali kuwa mmoja wao. Familia nayo, ajenti anasema itanifuata nikishamaliza hizo saa, kwa kuwa kazi ya kuhamahama haifai watoto. Na nikiulizwa ubalozini, nitaje tu ile kazi ya Ohio, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye faili na kubadilisha faili kutachelewesha mambo.

Mume wangu hajakataa. Kila nikimuuliza ananijibu, "Amua wewe, ni kazi yako." Mama mkwe amesema waziwazi kwamba mwanamke haachi watoto wadogo akaenda kuuguza watu wa wengine. Rafiki yangu tuliyesoma naye, aliye Texas sasa, alinitumia sauti ya WhatsApp akicheka: "Wee kuja tu, ukishafika utajipanga."

Kazi yenyewe hainitishi. Nimelala wadini na wagonjwa 40 tukiwa wauguzi wawili, mmoja wetu akiwa mwanafunzi. Nasikia huko mtu anapewa watano au sita. Kitakachonishinda ni nini?

Ajenti amenipa siku tano. Anasema kuna wenzangu 11 wanaosubiri nafasi hiyo. Zimebaki tatu. Je, niende au nibaki? Na nikibaki, nitamwambia nini mtu aliyenidhamini kwenye Sacco?

Nesi wa Umoja, Nairobi


JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kikokotoo mkononi, na nitakuonyesha nilichokipata. Lakini kwanza pole kwa hizo saa tatu za usingizi. Najua mtu anavyotoka zamu ya usiku akiwa na harufu ya Jik mikononi, apande matatu huku watu wengine ndio wanaenda kazini. Aliyepita hapo akasoma mpaka akapita NCLEX hahitaji kuambiwa na mtu kwamba ana bidii.

Unaniuliza uende au ubaki. Mimi naona la kwenda ulishaliamua 2021. Kilicho mezani leo ni karatasi moja ya kurasa 22, nayo si ile uliyotia sahihi 2022. Nadhani uchovu wa kungoja, pamoja na ile karatasi ya friji, umekufanya uone kana kwamba ukiikataa karatasi hii umeikataa Marekani nzima. Hebu tuvitenganishe hivyo viwili.

Kuna sentensi moja umeipita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi Jogoo Road ili asichafue viatu. Ni ile ya ubalozini. Ajenti anataka uende Gigiri, uinue mkono wa kulia na uape, kisha utaje kazi ambayo yeye mwenyewe amekwambia haipo. Viza ya EB-3 inasimama juu ya kazi maalumu: mwajiri fulani, kazi ya kudumu na ya muda kamili, mshahara uliotajwa. Ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye ombi la 2023. Muuguzi anaweza kuajiriwa na kampuni inayompeleka hospitali za wengine, na hilo peke yake halina ubaya. Lakini kazi ikibadilika mahali, saa na malipo, ni wakili wa uhamiaji anayepaswa kusema kama ombi la zamani bado linaibeba au linahitaji kurekebishwa. Si ajenti, tena kwa mdomo. Mtu akipatikana amedanganya jambo la msingi ili apate viza, sheria ya Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote. Anayeapa ni wewe. Ajenti atakuwa ofisini kwake akinywa chai.

Sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua, huenda anaona anakurahisishia. Hata hivyo mwombe ushauri huo kwa maandishi: "Nithibitishie kwa barua pepe kwamba nikiulizwa niseme kazi ni ya Ohio." Halafu utazame kama ataandika.

Sasa tuje kwenye friji. Zile milioni 14 zinataka mambo matatu yatimie kwa pamoja. Uwe kazini wiki zote 52, hospitali isikupunguzie saa hata wiki moja, na posho ibaki bila ushuru. Wiki 52 hazipo. Kati ya mkataba mmoja wa wiki 13 na mwingine kuna kuhama, kutafuta nyumba, kungoja hospitali ikukubali, pengine na leseni ya jimbo jingine. Zaidi ya majimbo 40 yameingia katika mpango wa leseni moja inayotambuliwa kote humo, lakini ili uipate lazima makao yako rasmi yawe katika mojawapo ya majimbo hayo. California, ambayo kila mtu anaiota, haimo. Tafuta kwenye mkataba wako kifungu cha wiki za katikati. Unalipwa nini wiki hizo? Unalala wapi? Na ikiwa wagonjwa wamepungua, hospitali ikakwambia usije zamu yako ya Ijumaa, hizo saa 12 analipa nani? Wasafiri wa huko huulizia saa za uhakika kabla hawajaulizia dola.

Posho ndiyo iliyonifanya niweke kikokotoo chini. Ile posho husamehewa ushuru kwa sababu inahesabika kuwa fidia ya mtu mwenye makao yake ya kikazi mahali fulani, anayeendelea kuyagharamia, huku akilazimika kulala kwingine kwa ajili ya kazi. Wewe utashuka kwenye ndege na masanduku mawili. Kwenu ni Umoja, na Umoja haihesabiki huko. Mtu asiye na makao hayo ushuru wa Marekani humtazama kama mtu wa kuhamahama, na posho yake yote hukatwa kama mshahara. Ikiwa kampuni imekulipa kana kwamba haikatwi, deni litakuja baadaye kwa jina lako.

Toa posho, na unabaki na dola 26 kwa saa. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ni dola 93,600 kwa mwaka, yaani takriban 45 kwa saa. Hata 34 zako za Ohio zilikuwa chini ya hapo, na sikulaumu, maana mshahara hutofautiana sana kwa jimbo. Lakini kushuka kutoka 34 hadi 26 kisha kuambiwa ni kazi bora, hapo mtu ana haki ya kuuliza. Kumbuka kwamba 26 ndiyo itakayohesabiwa ukifanya saa za ziada kama mkataba haukusema vingine.

Na zile saa 5,200? Ajenti amegawanya kwa 40. Wewe utafanya 36. Kwa 36 ni wiki 144 na ushee, ambayo ni karibu miaka miwili na miezi tisa bila likizo hata ya siku moja. Weka mapengo ya wiki tatu tu kati ya mikataba, na unavuka miaka mitatu na miezi minne. Msichana wako atakuwa na miaka sita. Angalia pia kama saa za kuelekezwa kazi mwanzoni na saa za ziada zinahesabiwa ndani ya 5,200, kwa maana kuna mikataba isiyozihesabu.

Dola 18,000 kwa kiwango kile kile cha ajenti ni zaidi ya Sh2.3 milioni. Hukuniambia kama faini hiyo inapungua kadiri unavyotumikia. Kama haipungui, basi aliyebakiza saa 100 analipa sawa na aliyebakiza 5,000, na hiyo haifanani na kurudishiana gharama, inafanana na kamba. Wauguzi kutoka Ufilipino waliobanwa na faini ya dola 25,000 walifungua kesi New York mwaka wa 2017, na 2019 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba faini ile haikubaliki kisheria, na kwamba ilikiuka sheria dhidi ya biashara haramu ya watu. Nakutajia ili ujue kwamba kifungu kuwa kwenye karatasi hakukifanyi kuwa halali. Lakini pia tazama miaka waliyoitumia mahakamani. Na wao hawakuwa na kaka mwalimu Machakos ambaye mtu anaweza kumpelekea barua ya wakili kesho asubuhi. Kaka yako amekubali kwa upendo. Je, amesoma ukurasa wenye ile namba? Kama hajausoma, mpe ausome kabla hajaweka kitambulisho chake hapo.

Umeniuliza kitakachokushinda ni nini, wewe uliyelala na wagonjwa 40. Nimetabasamu, kwa sababu hilo swali niliwahi kulisema kwa mdomo wangu, nilipotoka hospitali ya wilaya nikaingia chumba cha wagonjwa mahututi hapa hapa Nairobi. Nilipewa wagonjwa wawili. Wawili tu! Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimejificha chooni nalia, kwa sababu kila mashine ilikuwa ikipiga kelele na sikujua ni ipi ya kuisikiliza. Hospitali inayomlipia muuguzi msafiri humtaka mtu anayeweza kujitegemea mapema. Mara nyingi huelekezwa zamu moja au mbili, kisha anaachiwa wagonjwa. Kabati la dawa hufunguliwa kwa kompyuta, kumbukumbu zote zinaandikwa kwa kompyuta, na kila wiki 13 mfumo waweza kubadilika. Kwa kawaida wanaochukua kazi hiyo wamekwisha kufanya kazi mwaka mmoja au miwili katika hospitali za huko huko. Wewe ungeanza nayo. Sisemi huwezi. Nasema uulize utaelekezwa siku ngapi, na je, ukifika hospitali ikasema hujawa tayari ikakatisha mkataba, hiyo itahesabiwa kuwa ni wewe umeondoka? Hapo ndipo dola 18,000 zinapoweza kukupata bila wewe kubeba hata mkoba.

Swali dogo la kando: unaendesha gari? Zamu hubadilishana saa moja jioni, na katika miji mingi midogo ya Marekani hakuna konda wa kukupigia mluzi.

Sasa familia. Ajenti amekwambia watafuata ukimaliza saa zako. Katika EB-3, mume na watoto wasioolewa walio chini ya miaka 21 hupanda juu ya ombi lile lile la kwako. Wanaweza kwenda pamoja nawe au wakafuata baadaye, na hawangoji umalize saa za mtu. Huenda ajenti hajui, au huenda muuguzi asiye na watoto karibu ni rahisi kuhamishwa. Vyovyote iwavyo, usikubali hilo kama sheria, kwa sababu si sheria.

Hata hivyo kuna ukweli ndani ya alilosema, na huo ndio unaonipa shida. Mtoto wa miaka saba hawezi kubadilisha shule kila baada ya wiki 13. Na huyu wako ana pumu. Umeitaja kwa maneno mawili ukaendelea. Huko bima ya afya mara nyingi imefungwa kwenye ajira. Uliza kama inaendelea katika zile wiki za katikati, inaanza siku ya ngapi, na inamfunika mtoto au wewe peke yako. Akibaki Nairobi, ni nani anayemsikia akianza kukohoa saa tisa usiku? Leo ni wewe, au ni baba yake? Sikuulizi ili nikutie hatia, mama mkwe ameshafanya kazi hiyo vya kutosha. Akina baba husafiri miaka mitano Qatar na hakuna anayewaambia wameacha watoto. Nakuuliza kwa sababu jibu lake ni la kupangwa, kwa jina la mtu na namba ya simu.

Mume wako anasema, "Amua wewe." Wewe umelisikia kama ruhusa. Inawezekana ni ruhusa. Inawezekana pia ni mwanamume wa Kirinyaga Road anayejiuliza kimya kimya atauza nini Ohio, au atawaambia nini wenzake wa dukani mke akipata milioni 14. Umewahi kumuuliza swali tofauti na "niende?" Mathalani: "Tukienda wote, wewe ungependa kufanya nini?" Au: "Nikienda peke yangu, unaogopa nini?" Watu wengi wanaoniandikia baada ya mmoja wao kusafiri hawalalamikii umbali. Wanalalamika kwamba hawakuzungumza kabla.

Njia zilizo mbele yako nazihesabu hivi, na hakuna iliyo laini. Unaweza kuiandikia kampuni yenyewe Marekani, si ajenti, ukiomba kazi irudi kama ilivyo kwenye ombi, au hii mpya irekebishwe: faini ipungue kadiri unavyotumikia, wadhamini waondolewe, saa za uhakika ziandikwe, wiki za katikati zitajwe. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukasirika na kuondoa ombi. Hilo linaumiza, ila ombi likishakubaliwa, tarehe yako ya foleni kwa kawaida inabaki yako hata ukihamia mwajiri mwingine, isipokuwa kama kulikuwa na udanganyifu. Kwa hiyo tafuta nakala ya ile barua ya kukubaliwa. Kama iko kwa ajenti peke yake, hilo ndilo la kufuatilia leo.

Ya pili ni kutafuta hospitali inayoajiri moja kwa moja. Itamaanisha ombi jipya, miezi mingine, na Sacco haisubiri. Ya tatu ni kutia sahihi hivyo hivyo, ukijua unachokibeba. Wapo waliotia sahihi mikataba kama hiyo wakamaliza saa zao, wakahamia kazi nzuri, na leo wanajenga. Rafiki yako wa Texas huenda ni mmoja wao, ingawa ningependa umpigie simu ya kweli, umuulize alifika kwa mkataba gani na alikuwa na watoto wangapi. "Utajipanga" ni neno la mtu aliyekwisha kujipanga.

Ya nne ni kubaki kwa sasa. Una kazi ya kudumu, na hilo si dogo. Hatari yake unaijua wewe kuliko mimi: kuwaona wenzako wakiondoka mmoja mmoja huku wewe ukizidishiwa vitanda, mpaka uanze kumchukia mume na mama mkwe kwa jambo ambalo hawakukukataza. Uingereza nayo iliandikiana na Kenya mwaka wa 2021 kuhusu wahudumu wa afya, kwa hiyo mlango wa huko hupitia serikalini. Ukikutana na ajenti anayekuuzia njia ya pembeni, mkimbie.

Vyovyote utakavyoelekea, usiandike barua ya kuacha kazi mpaka viza iwe ndani ya pasipoti, na uwaulize watu wa rasilimali watu kama unaweza kupewa likizo bila malipo. Ajenti naye mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ni kazi ya dakika kumi. Wakili wa uhamiaji, wa kwako mwenyewe asiyelipwa na kampuni, atakula sehemu ya mshahara wako wa mwezi. Linganisha na milioni 2.3.

Na siku tano? Foleni ya viza uliyoingojea tangu 2023 huendeshwa na serikali ya Marekani, na haijui habari za siku tano za ajenti wako. Wale 11 wanaweza kuwepo, wanaweza wasiwepo. Unaweza kumjibu kwa upole tu: "Nimeupokea mkataba, wakili wangu anausoma, nitakujibu tarehe fulani." Jinsi atakavyolipokea neno "wakili" itakuonyesha mengi.

Kuhusu mdhamini wako wa Sacco, maadamu makato yanaendelea huna la kumwambia zaidi ya shukrani. Hata ukibaki, mkopo huo ulikununulia NCLEX, na hiyo haichukuliwi na ajenti yeyote.

Ile karatasi ya friji iache hapo hapo. Leo usiku watoto wakilala, mwite mume wako, mchukue kalamu, mfute 52 na muandike wiki mnazodhani mtalipwa kweli. Mwache yeye apige hesabu, ni mtu wa biashara. Kisha niandikie, hata sentensi moja, kampuni ikijibu kuhusu zile wiki za katikati na bima ya mtoto.